Mgeni Katika Folda Yangu

Kabla ya kusakinisha toleo jipya la Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya Linux, nilijiona nimejipanga barabara. Folda ya /home, yanamokaa mafaili ya watumiaji, ilikuwa na sehemu yake ya diski, mbali na mfumo wenyewe, kwa hiyo mafaili yangu pamoja na mipangilio yote iliyojificha nyuma ya nukta mwanzoni mwa jina la faili, kuanzia .bashrc hadi .config, yangebaki salama hata mfumo ukifutwa wote. Orodha ya programu nayo nilikwisha kuitoa kwa amri ya dpkg --get-selections, nikaihifadhi humo humo ili programu zisakinishwe upya kwayo.

Kazi ya kubonyezabonyeza nilimwachia mdogo wangu, ambaye tunatumia naye kompyuta hiyo. Kisakinishi kilipouliza jina la mtumiaji, kijana akaandika la kwake. Langu akaliongeza baadaye.

Niliingiza nywila, skrini ikawa nyeusi kidogo, kisha ikanirudisha palepale pa kuingizia nywila. Nilirudia, nikarudishwa tena, kama mdai anayeambiwa njoo kesho. Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 ili niingie kwa maandishi matupu, nikaandika ls -l /home, na hapo nikaona maajabu: folda yenye jina langu ilikuwa mali ya mdogo wangu, na yake ilikuwa mali yangu. Linux haimtambui mwenye faili kwa jina bali kwa namba, na Ubuntu humpa 1000 anayesajiliwa kwanza, kisha 1001 anayemfuata. Katika mfumo wa zamani, 1000 nilikuwa mimi.

Nikaikimbilia sudo, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi, nikajibiwa kwamba simo katika orodha ya wenye ruhusa na kwamba tukio hilo litaripotiwa. Litaripotiwa kwa nani? Msimamizi ni yule aliyesajiliwa kwanza, naye alikuwa amesimama nyuma yangu akijikaza asicheke.

“Kaka, huku kuna utaratibu,” aliniambia. “Andika barua ya maombi.”

Alipotosheka na kicheko aliketi, akaandika sudo chown -R, amri ya kubadili mwenye folda na vyote vilivyomo, kwa folda yangu, kisha kwa yake, na kila mtu akarudishiwa chake. Picha ya kupambia skrini, alamisho za kivinjari na vifupisho vyangu vya amri vilikuwa kama nilivyoviacha. Mipangilio ya printa ilikuwa ndani ya /etc, folda ya mfumo wenyewe, kwa hiyo hiyo ilikwenda na maji.

Ikabaki orodha ya programu, ambayo mwenye mamlaka alitaka kuikagua kwanza. Aliisoma taratibu, kidole kwenye skrini, mpaka akaufikia mchezo wake niliouondoa zamani kwa kisingizio cha kuokoa nafasi. Amri ya kuondoa programu, apt remove, huacha nyuma mafaili ya mipangilio ya programu, kwa hiyo jina la mchezo lilikuwa bado limo, pembeni yake pameandikwa deinstall, yaani ondoa. Akanitazama, akafuta herufi mbili za mwanzo, ikabaki install, yaani sakinisha, ndipo akairuhusu mashine iendelee. Mchezo ulipofunguka alama zake zote zilikuwapo, zimetunzwa salama ndani ya /home kwa mpango wangu mwenyewe.