Tusimtwike Caleb Williams mzigo wote
Ndugu mwandishi, makala yako inadai kwamba pasi za Chicago Bears, timu ya futiboli ya Kimarekani, zilikwama mwaka 2024 kwa sababu kwotabeki (mchezaji anayerusha pasi) Caleb Williams hung'ang'ania mpira. Ni kweli hung'ang'ania, lakini kijana wa msimu wa kwanza, aliyeangushwa mara 68 kabla hajatupa mpira na bado pasi zake 6 tu zikanaswa na wapinzani, hawezi kuwa chanzo cha yote. Klabu yenyewe ilimfukuza mratibu wa mashambulizi, yaani kocha anayepanga mbinu za kushambulia, Shane Waldron, baada ya mechi 9, na kwangu huo ni ushahidi mzito kwamba mbinu zenyewe zilikuwa na kasoro. Mara nyingi nilimwona Williams akisubiri wapokeaji wafike mbali ilhali walinzi wake wamekwisha kupitwa. Angepangiwa pasi fupi, mpira ungemtoka mkononi mapema.