Kazi ya Kuchemsha Tuliachie Jua

Anayetaka kujua kuni za nyumba zinaishia wapi na aitazame sufuria ya maharage makavu. Dakika za mwanzo moto unafanya kazi ya kweli, kwa sababu maji baridi lazima yapate joto hadi yachemke. Baada ya hapo sufuria haihitaji tena moto mkali. Inachohitaji ni kutopoa kwa saa mbili au tatu, hadi punje zilainike. Hata hivyo kuni zinaendelea kusukumwa mafigani kana kwamba kazi ndiyo kwanza imeanza, na mpishi anaendelea kukaa katika moshi akilinda kitu ambacho kingeweza kujiivia chenyewe. Saa hizo za kungoja ndizo zilizonifanya niandike makala haya, kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba jiko la jua limetetewa kwa muda mrefu kwa hoja isiyo sahihi. Limepelekwa kwa familia za nchi zinazoendelea kama mbadala wa moto, likashindwa kuwa hivyo, likaishia stoo. Mahali pake halisi ni pa jiko la pili la nyumba, linalopokea kazi zote za kuchemsha kwa muda mrefu, na likipewa nafasi hiyo faida zake ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Jiko la sanduku, ambalo ndilo nililozoea, ni kitu rahisi mno. Ni sanduku moja ndani ya jingine, na katikati yake pamejazwa kitu kinachozuia joto kutoroka, kama vile majani makavu, pamba au karatasi zilizofinyangwa. Juu kuna kioo, na mfuniko uliobandikwa karatasi ya alumini husimamishwa ili urudishe mwanga ndani. Mwanga hupita kwenye kioo, hufyonzwa na sufuria nyeusi na kugeuka joto, na joto hilo haliwezi kutoka kwa urahisi kama mwanga ulivyoingia. Ujuzi huu si wa jana. Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Uswisi, alianza majaribio ya masanduku ya kioo ya namna hii mwaka 1767, na baadaye akapata joto linalopita lile la maji yanayochemka.

Adhuhuri, anga ikiwa safi, kila mita moja ya mraba inayoelekea jua hupokea takriban wati 1,000. Sanduku lenye mdomo wa nusu mita kwa nusu mita linapokea basi wati 250, na mfuniko wa alumini huongeza kiasi fulani juu ya hapo. Ukilinganisha na jiko la umeme, hicho ni kiasi kidogo, na ndiyo maana watu wengi hulidharau jiko la jua wanapoliona mara ya kwanza. Wanachosahau ni kwamba moto wa mafiga matatu huingiza ndani ya sufuria sehemu ndogo tu ya joto la kuni, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 15, na sehemu iliyobaki hupasha hewa, mawe na uso wa mpishi. Sanduku halina nguvu nyingi, lakini halifuji kile kidogo linachokipata. Chakula huanza kuiva kikifikisha nyuzi joto 80 na ushee za Selsiasi, na sanduku lililotengenezwa vizuri hupita nyuzi 100 katika jua kali.

Mimi huweka maharage yangu, yaliyolowekwa usiku kucha, saa nne asubuhi. Sufuria ni nyepesi, imepakwa rangi nyeusi kwa nje na ina mfuniko unaoziba vizuri. Kwa muda fulani hakuna kinachoonekana, na mgeni akipita hapo huona sanduku lililoachwa uani. Baadaye matone madogo ya maji hutokea upande wa ndani wa kioo, yanaungana, yanateremka kwa mistari, nami najua kwamba sufuria imeanza kutoa mvuke. Kivuli cha ukingo wa sanduku kikianza kuifikia sufuria, maana yake jua limehama, nami ninalizungusha sanduku kidogo kulifuata. Nafanya hivyo mara mbili au tatu, na katikati ya mizunguko hiyo ninaendelea na shughuli nyingine. Saa nane mchana punje zinapondeka kwa vidole, chini ya sufuria hakuna kilichoungua, na hakuna masizi ya kusugua. Lipo jambo moja tu ambalo sikubali kulilegeza: maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo joto la chini haliiondoi, kwa hiyo ni lazima yachemke sawasawa kwa dakika zisizopungua 10. Siku ambayo jua lina wasiwasi, dakika hizo 10 huzifanya kwenye moto, kisha sufuria naipeleka juani ikiwa bado inatokota. Jiko la kwanza huanzisha kazi, jiko la pili humaliza.

Kuhusu moshi, takwimu zinatisha na zinapaswa kusemwa waziwazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 2.1 bado wanapika kwa moto wa wazi au kwa majiko duni ya kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo, makaa ya mawe au mafuta ya taa, na kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo takriban milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto wadogo wanaobebwa mgongoni au kukaa karibu na mama anapopika. Chembechembe laini za moshi huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na baadhi ya maradhi yanayotokana nazo ni nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya mapafu na ugonjwa sugu wa kukosa pumzi.

Hapa nataka kuwa mkweli kuliko vipeperushi vingi vya miradi. Jiko la jua peke yake haliondoi moshi wote jikoni. Nyumba inayopika mlo wa mchana juani na kurudi kwenye kuni jioni bado inavuta moshi mwingi, na afya haiimariki kwa kiwango kilekile moshi unavyopungua. Sehemu kubwa ya nafuu huja pale moshi unapokaribia kwisha. Kwa hiyo namwona anayetetea jua na anayetetea gesi au umeme kuwa watu wa upande mmoja. Familia yenye mtungi mdogo wa gesi huacha kuutumia kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu kwa kuogopa gharama, na vyakula hivyo ndivyo vinavyoirudisha kwenye kuni. Vikipelekwa juani, mtungi unatosha kwa chai ya alfajiri na mlo wa usiku, na mafiga yanaweza kupumzika kweli.

Gharama ya kuni haipimwi kwa fedha peke yake. Mahali ambapo miti imekwisha karibu na makazi, kuokota kuni ni safari ndefu inayorudiwa kila siku chache, na mzigo unarudi kichwani au mgongoni. Katika kambi ya Iridimi, mashariki mwa Chad, iliyowapokea wakimbizi waliotoka Darfur, magharibi mwa Sudan, wanawake waliotoka nje ya kambi kutafuta kuni walikuwa katika hatari ya kushambuliwa na kubakwa. Huko majiko ya jua ya paneli, yaani kadibodi iliyokunjwa na kubandikwa alumini, pamoja na sufuria nyeusi ndani ya mfuko wa plastiki unaostahimili joto, yalisambazwa kwa wingi, na wakimbizi wanawake wenyewe ndio waliokuwa wakiyatengeneza na kufundishana. Kwa mwanamke wa pale, safari moja iliyopungua kwa wiki ilikuwa na uzito usioweza kuandikwa katika jedwali la matumizi. Nikisikia mtu akisema kwamba kadibodi na alumini ni teknolojia ya kimaskini, huwa nawakumbuka wanawake hao.

Faida nyingine, ambayo naona haitajwi vya kutosha, ni maji. Wengi tumefundishwa kwamba maji ya kunywa lazima yachemke, na ni mafundisho mazuri kwa sababu mchemko unaonekana kwa macho. Lakini vijidudu vinavyoleta kuhara na kipindupindu hufa kabla ya hapo: maji yaliyofikisha nyuzi joto 65 na kukaa katika joto hilo kwa dakika kadhaa huwa salama kwa upande wa vijidudu. Kupandisha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 65 kunahitaji nishati inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya kuifikisha nyuzi 100, na hilo ni jambo ambalo hata jiko dhaifu la paneli linaliweza. Tatizo ni kujua kama maji yamefika, na kwa ajili hiyo kuna kijibomba kidogo cha plastiki chenye nta ndani yake. Nta huwekwa ikiwa upande wa juu, kijibomba hutumbukizwa ndani ya maji, na nta ikiyeyuka na kuteremka chini mpishi anajua kwamba joto limetosha, hata kama hakuwapo kutazama. Bila shaka joto haliondoi floridi, arseniki wala chumvi, kwa hiyo kisima chenye kasoro ya aina hiyo kinahitaji tiba nyingine.

Ninapotafuta mahali ambapo majiko ya jua yamedumu, naona kwamba yamedumu pale yalipopewa kazi maalumu. Katika nyanda za juu za Tibet, ambako kuni ni adimu na jua ni kali, majiko ya dishi, yaani yenye bakuli pana linalong'aa na kuelekeza mwanga wa jua kwenye chombo kimoja, hutumika kwa wingi, na kazi yake kubwa ni kuchemsha maji. Katika mji wa Shirdi, jimbo la Maharashtra nchini India, jiko la hekalu linalolisha maelfu ya mahujaji kila siku lilifungiwa mwaka 2009 madishi 73 ya kuakisi jua yanayotengeneza mvuke wa kupikia, huku mitambo ya zamani ikibaki kwa siku za mawingu. Madishi hayo ni ya aina iliyobuniwa na Wolfgang Scheffler, ambaye jiko lake la kwanza lililofanya kazi vizuri lilijengwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1986. Hakuna aliyewaambia watu wa Shirdi wabomoe jiko lao la zamani. Naamini hospitali, shule za bweni na magereza katika nchi zenye jua jingi zingefuata njia hiyo kwa urahisi kuliko nyumba za watu, kwa sababu zinapika mchana, zina wapishi wanaolipwa, na zinaweza kumweka fundi wa kuyaangalia madishi.

Majumbani mambo ni magumu zaidi. Niliwahi kuhudhuria siku ya kugawa majiko ya jua katika mradi ambao sitautaja. Yalipikwa mayai, watu wakapiga makofi, picha zikapigwa, kila familia ikaondoka na jiko. Niliporudi miezi kadhaa baadaye nilikuta masanduku yamehifadhia nafaka. Niliwauliza wenyewe, na majibu yao hayakuwa ya watu wakaidi wala wavivu. Sufuria iliyotolewa ilitosha watu watatu katika nyumba ya watu wanane. Mama aliyekuwa shambani mchana kutwa hakuwa na mtu wa kuzungusha sanduku wala kulinda chakula dhidi ya mbuzi na wezi. Kioo cha mmoja kilipasuka, na hakuna aliyemwambia kwamba kioo cha kawaida cha dirisha kingefaa. Mlo mkubwa wa familia zile ulikuwa wa usiku, na hakuna aliyewaonyesha kwamba sufuria ikitolewa juani ikitokota na kuzungushiwa blanketi ndani ya kapu, hukaa na joto kwa saa nyingi. Bado inafaa kuchemshwa tena kabla ya kuliwa ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 60, lakini mwali mfupi wa moto unatosha. Mambo hayo yote yangeweza kujulikana kabla ya kugawa, kwa kuwauliza wapishi wanapika nini, saa ngapi, kwa watu wangapi. Waliohojiwa, nilivyoelezwa, walikuwa viongozi wa mtaa, na wote walikuwa wanaume.

Kuna wanaosema siku hizi kwamba hoja ya masanduku imepitwa na wakati, kwa kuwa paneli za umeme wa jua zimeshuka bei na sufuria za umeme za presha zinatumia umeme kidogo. Nawaunga mkono kwa sehemu kubwa, hasa mijini ambako hakuna ua wa kuweka sanduku. Hata hivyo kupika usiku kwa umeme wa jua kunahitaji betri, betri huchakaa, na fundi wake hapatikani kila kijiji. Sanduku la mbao hutengenezwa na seremala yeyote, na likiharibika hutengenezwa na seremala yuleyule.

Kwa hiyo nawaomba wanaofadhili na kusimamia miradi hii wabadili kipimo chao. Idadi ya majiko yaliyogawiwa haituelezi lolote kuhusu kuni zilizobaki msituni wala kifua cha mtoto. Warudi baada ya mwaka mmoja, katikati ya kiangazi, bila kupiga hodi ya mapema, wahesabu ni sufuria ngapi ziko juani saa sita mchana, na pale ambapo hazipo wakae chini na mpishi mwenyewe wamuulize ni nini kilichomshinda.