Barabara Kuu za Uingereza: Kosa ni la Teknolojia au la Bega Lililoondolewa?

Mwezi Aprili 2023 serikali ya Uingereza, chini ya Waziri Mkuu Rishi Sunak, ilifuta mipango ya kujenga barabara kuu mpya zinazoongozwa kwa teknolojia, ikitaja gharama na wananchi kukosa imani nazo. Waliozipinga kwa miaka mingi walishangilia. Kwa maoni yangu, hata hivyo, mjadala ule ulifunga katika furushi moja mambo mawili ambayo kila moja lilistahili kupimwa peke yake.

La kwanza ni usimamizi wa mwendo, ambao ulianza mwaka 1995 katika sehemu ya M25, barabara inayoizunguka London. Nyaya zilizofukiwa chini ya lami huhisi magari yanayopita juu yake, na yanapoanza kubanana mtambo hushusha kikomo kutoka maili 70 kwa saa, yaani kama kilomita 112, hadi 60, 50 au hata 40, tarakimu zikiwaka kwenye mihimili iliyovuka juu ya barabara. Katika msongamano, dereva mmoja akikanyaga breki ghafla, wa nyuma yake hukanyaga zaidi, na foleni huzaliwa kilomita kadhaa nyuma hata kama hakuna ajali yoyote mbele. Mwendo ukishushwa mapema na kwa wote, wimbi hilo hupungua nguvu. Sijaona hoja nzito dhidi ya mpango huu, ukiacha manung'uniko ya wanaonaswa na kamera.

La pili ni kuligeuza bega la barabara, lile la kushoto ambako gari lililoharibika huegeshwa, kuwa njia ya kawaida ya magari. Katika majaribio ya M42 karibu na Birmingham, mwaka 2006, bega lilifunguliwa saa za msongamano tu, na maegesho ya dharura yalikuwa takriban kila mita 500. Kuanzia 2014, tena katika M25, bega likaondolewa moja kwa moja, na maegesho yakaruhusiwa kuachana hadi kilomita 2.5.

Watetezi wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Njia ya ziada hupatikana bila kununua ardhi wala kuvunja madaraja, kwa gharama na muda mdogo kuliko upanuzi wa kawaida. Bega lenyewe, wanakumbusha, halikuwa salama kama wengi wanavyodhani, kwani takriban kifo 1 kati ya 12 kwenye barabara kuu za kawaida kilitokea hapo. Tena tathmini ya serikali ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kiwango cha vifo katika barabara zisizo na bega kilikuwa chini kuliko katika zile za kawaida. Lakini tathmini hiyohiyo ilikiri kwamba hatari ya kugongwa kwa gari lililosimama imeongezeka, na kwamba barabara zenye kikomo kinachobadilika lakini zilizobakiziwa bega zilikuwa na kiwango cha chini zaidi. Sioni kwa nini jambo hilo la mwisho halikupewa uzito mkubwa zaidi.

Kwetu lori likiharibika njiani, utingo hukata matawi na kuyatandaza nyuma yake. Kule, kanuni za barabarani zinakataza hata kuweka pembetatu ya tahadhari kwenye barabara kuu, kwa sababu kuitembeza huko ni kujitafutia kifo. Aliyekwama katikati ya njia hutegemea alama nyekundu ya X, ya kuonyesha kwamba njia imefungwa, iwashwe juu ya njia yake, na ili iwashwe lazima kwanza aonekane. Ripoti ya mamlaka ya barabara yenyewe ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba kumwona kulichukua wastani wa dakika 17. Juni 2019, wanaume wawili waliosimama kwenye M1 karibu na Sheffield baada ya magari yao kugusana kidogo waligongwa na lori na kufa. Dereva wa lori alifungwa kwa kuendesha bila uangalifu, lakini mchunguzi wa vifo alisema mwaka 2021 kwamba ukosefu wa bega nao ulichangia.

Rada za kugundua gari lililosimama zililenga kutoa taarifa ndani ya sekunde 20, muda ambao gari la maili 70 kwa saa hukata zaidi ya mita 600. Zilifungwa katika sehemu nyingi baada ya njia kuwa tayari zinatumika, na mwishoni mwa 2022 msimamizi wa sekta alieleza kwamba utendaji wake haukufikia viwango. Hapo ndipo lawama inapostahili: bega liliondolewa kwa ahadi ya chombo ambacho hakikuwapo bado.

Uamuzi wa 2023 haukurudisha bega popote. Kulirudisha kote, kama baadhi ya wapinzani wanavyotaka, kungepunguza njia na kuyasukuma magari kwenye barabara ndogo, ambako ajali za vifo ni nyingi zaidi kwa kila kilomita inayoendeshwa. Serikali imechagua kuongeza maegesho ya dharura zaidi ya 150, kazi iliyokamilika mwaka 2025. Mimi ningeanzia kwenye sehemu ambazo maegesho bado yako mbalimbali, nilirudishe bega nje ya saa za msongamano kama ilivyokuwa M42, kwa kutumia mihimili ileile ambayo tayari imelipiwa.