Nyonga imeungwa, mgonjwa je?

Mzee akiteleza na kuvunjika nyonga, picha ya eksirei huonyesha mfupa tu. Haionyeshi moyo uliochoka, dawa za presha zinazomtia kizunguzungu, wala sababu ya kuanguka. Ndiyo maana hospitali kadhaa humweka tangu siku ya kwanza mikononi mwa mabingwa wawili, wa mifupa na wa magonjwa ya wazee. Uingereza, mwaka 2010, ulianza utaratibu wa kuziongezea hospitali malipo mgonjwa wa aina hii akifanyiwa upasuaji ndani ya saa 36 na kuonwa mapema na daktari wa wazee.

Wanaopinga mpango huu wa mabingwa wawili hawasemi ovyo. Mabingwa wa wazee ni wachache, na kila saa wanayokaa wodi ya mifupa kuna wagonjwa wengine wanaowakosa. Hoja nzito zaidi inatoka kwenye utafiti wa HIP ATTACK wa 2020, uliohusisha wagonjwa karibu 3,000 katika nchi 17. Kundi moja lilipasuliwa baada ya takriban saa 6 tangu kugunduliwa, jingine saa 24. Vifo havikupungua.

Nakubali: haraka peke yake haitoshi. Lakini utafiti ule ulipima kasi, haukupima uratibu wa madaktari, na hata hivyo waliowahiwa hawakupatwa na hali ya kuchanganyikiwa akili kwa wingi kama wenzao, wakasimama mapema. Kinachonishawishi hasa ni utafiti wa Trondheim, Norwei, uliochapishwa 2015. Wagonjwa 397 wenye miaka 70 na zaidi waligawanywa: wengine wakauguzwa wodi ya wazee, wengine wodi ya kawaida ya mifupa. Baada ya miezi 4, wale wa kwanza walitembea vizuri zaidi. Kwa mzee, hiyo ndiyo tofauti ya kwenda chooni mwenyewe au kungoja mtu.

Pasipo bingwa wa wazee, daktari wa magonjwa ya ndani anaweza kupita kila siku: atulize maumivu, apunguze dawa zisizohitajika, ahakikishe mgonjwa anainuliwa kitandani kesho yake. Ninachohofia ni faili lenye sahihi za madaktari watatu, na mgonjwa asiye na hata mmoja wa kumjibia.

Pengo hilo huonekana zaidi siku ya kuruhusiwa. Aliyevunjika mara moja yumo hatarini kuvunjika tena, lakini wengi huondoka na mshono uliopona, bila dawa ya kuimarisha mifupa na bila tarehe ya kurudi.