Msuli Tembo, Matokeo Sisimizi: Tatizo Si Uvivu

Kila chuo hapa Tanzania kina mtu wake wa kutaniwa kwa msemo huu. Ni yule anayekesha kwenye vimbweta, zile meza za zege za kusomea nje, mpaka alfajiri, desa lake (maelezo ya lekcha) limepakwa kalamu ya njano ukurasa mzima, halafu matokeo yakitoka ana sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Wenzake wanamcheka: msuli tembo, matokeo sisimizi. Wengine wananong'ona kuwa hana kichwa.

Mimi sikubali. Kichwa anacho, na bidii anawazidi wanaomcheka. Kinachomponza ni kwamba muhula mzima amefanya mazoezi ya kitu ambacho mtihani hauulizi. Amejizoeza kusoma maelezo na kuyaona yana maana, wakati chumba cha UE, mtihani wa mwisho wa muhula, kinampa kijitabu kitupu na saa tatu za kutoa vitu kichwani bila desa pembeni. Kusoma ni kazi moja, kutoa ni nyingine, na hiyo ya pili hakuifanyia mazoezi hata siku moja.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walisoma kisha wakarudia kusoma. Wengine walisoma mara moja, kisha wakaandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, na wale walioandika asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, walioandika wakawa na 56.

Hizo dakika tano ndizo zinazotudanganya. Ukirudia desa usiku, unalifunga ukiwa na raha kabisa kwamba limeingia, na kwa saa hiyo ni kweli limeingia. Ila UE haifanyiki kwenye kimbweta dakika tano baadaye.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mwepesi kuusema na mchungu kuufuata. Ukitoka lekcha, jioni hiyohiyo chukua karatasi tupu, funga daftari, andika ulichobaki nacho. Utaona aibu. Mistari sita, pengine saba, na mchoro usio na majina. Sasa fungua daftari ujaze mapengo kwa wino mwekundu. Rudia baada ya siku tatu, na tena wiki inayofuata, uone wekundu unapungua au la. Wekundu usipopungua mahali fulani, hapo ndipo pa kupeleka muda wako, badala ya kuanza tena ukurasa wa kwanza, ambao kila mtu anaujua kwa sababu kila mtu huanzia hapo.

Kwetu kuna mzigo mwingine ambao ushauri wa mitandaoni hauugusi: tunafundishwa kwa Kiingereza, tunaishi kwa Kiswahili. Ni rahisi mno kumeza sentensi ya Kiingereza nzimanzima bila kuitafuna. Nimewahi kukaa karibu na diskasheni ya mwaka wa kwanza, watu wa uchumi. Binti mmoja akamwaga maana ya elastisiti ya mahitaji (yaani bei ikipanda, watu wanapunguza kununua kwa kiasi gani), neno kwa neno kama ilivyo kwenye slaidi, wenzake wakatikisa vichwa. Kaka mmoja akamuuliza, "Sasa dada, chumvi ikipanda bei mara mbili, nyumbani kwenu mtaacha kununua?" Kimya. Kisha wakaanza kubishana kweli: chumvi hatuachi, soda tunaacha, nauli ya daladala tunanung'unika lakini tunapanda. Dakika kumi hivi za Kiswahili cha mtaani, na kila mmoja pale akawa amelielewa somo. Walichokosea ni kuishia hapo, maana mtihani hausahihishwi kwa Kiswahili. Eleza kwa Kiswahili mpaka ueleweke, kisha kaa chini uandike aya moja ya Kiingereza kwa maneno yako mwenyewe. Usiruke hatua yoyote kati ya hizo mbili. Anayebaki na Kiswahili tu anajua lakini hawezi kuandika, na anayebaki na Kiingereza cha slaidi anaandika mistari miwili kisha kalamu inagoma.

Diskasheni zenyewe, nyingi ni lekcha ya pili: mmoja anaongea, sita wanaitikia. Anayefaidika ni huyo anayeongea. Zungusheni zamu.

Tuje kwenye hesabu, maana GPA, ule wastani wa pointi za matokeo yako, ni hesabu. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu Tanzania, kredit moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka una kredit 120. Muhula mmoja basi ni kredit 60, yaani saa 600. Ukiugawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kwa wiki, sawa na ajira kamili. Kozi ya kredit 12 peke yake inakudai saa 8 kila wiki, na lekcha na semina kwa kawaida hazifiki nusu yake. Zinazobaki ni zako, na hakuna anayekusimamia. Ukizikopa wiki ya pili, ya tatu, ya nne, deni lote linakuja kudaiwa wiki ya mwisho, na hapo hakuna kukesha kunakoweza kulilipa. Isitoshe, usingizi wenyewe ndio wakati ubongo unapoyakaza uliyojifunza, kwa hiyo anayekesha anakosa kotekote.

Halafu kozi weki. Pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kozi weki (maksi za testi na asaimenti za muhula) ni 40 na UE ni 60, na A inaanzia 70. Mwenye 32 ya kozi weki anahitaji 38 kati ya 60 ili apate A, kama asilimia 63 tu ya UE. Mwenye 20 anahitaji 50 kati ya 60, zaidi ya asilimia 83. Wote wawili wanaingia chumba kimoja na kufanya mtihani uleule, ila mmoja anahitaji siku ya kawaida na mwingine anahitaji muujiza. Ndiyo maana nashangaa watu wanaofanya testi ya kwanza kama ya kujaribisha, na asaimenti kama kazi ya kuiachia akili bandia ya kwenye simu. Asaimenti ndiyo nafasi pekee ya kujizoeza kuandika hoja ukiwa na muda.

Na usitishwe na wanaosema fest klasi, daraja la juu kabisa la digrii, ni ya watu wa A tupu. Inaanzia GPA ya 4.4. A ni pointi 5, B+ ni 4, kwa hiyo nusu A na nusu B+, kredit zikiwa sawa, ni 4.5. Kinachoangusha watu ni C moja ya kozi nzito waliyoichukia wiki ya kwanza wakaisusa.

Past paper ni dhahabu, lakini si ya kusoma. Watu wanakusanya za miaka yote, wanatafuta majibu, wanayakariri, wanaomba lijirudie swali. Weka saa mezani, kama karatasi inataka maswali manne kwa saa tatu basi dakika 45 kwa swali, uandike kwa mkono. Utagundua mambo ambayo desa halikwambii, mojawapo ni kwamba mkono uliozoea kubonyeza simu unachoka kabla ya swali la tatu.

Najua si kila mtu ana saa 40. Kuna anayepanga Mbagala na kupanda daladala mbili, kuna anayeuza vitafunwa hosteli kwa sababu bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, limechelewa. Kwa mtu huyo, kusoma kwa kurudia ndiyo anasa kubwa zaidi, kwa sababu kunakula muda mwingi na kurudisha kidogo. Kujiuliza maswali ya lekcha ya jana kunawezekana ukiwa umesimama kwenye foleni ya Ubungo, umeshika bomba, simu mfukoni.

Testi ya kwanza ikirudi, usiishie kuangalia namba juu ya karatasi. Soma alama za mhadhiri pembeni, tafuta umepoteza wapi: hukujua, au ulijua ukaandika nusu, au hukujibu swali lililoulizwa? Ukishindwa kuelewa, nenda ofisini kwake na karatasi mkononi, umuulize jibu la maksi zote lingekuwaje. Saa za kuonana na wanafunzi zimebandikwa mlangoni, na wiki nyingi hakuna anayegonga.