Sindano ya watoto njiti na swali la "wapi"

Mapitio ya kimfumo hukusanya tafiti zote zilizofanywa kuhusu swali moja na kuzipima kwa vigezo vilivyopangwa mapema. Nayaunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 2009 watafiti wa tiba Iain Chalmers na Paul Glasziou walikadiria kuwa asilimia 85 ya fedha za utafiti wa tiba hupotea bure, na sababu mojawapo ni kuchunguza upya jambo lenye jibu tayari. Nchi yenye bajeti finyu haiwezi kumudu hasara hiyo.

Tatizo ni kwamba mapitio huona pale tu palipokwisha kuchunguzwa. Chukua sindano ya steroidi anayochomwa mama aliye katika hatari ya kujifungua njiti, ili mapafu ya mtoto yakomae. Jaribio la kwanza, lililofanyika New Zealand, lilichapishwa mwaka 1972. Mapitio yaliyofuata yalionyesha inaokoa maisha, na matokeo hayo ndiyo yaliyochorwa kwenye nembo ya Cochrane, shirika la kimataifa linaloandaa mapitio ya aina hii. Aliyehesabu tafiti hakuona pengo lolote. Aliyeuliza zilifanyika wapi alikuta nyingi zimetoka hospitali zenye vifaa vya kutosha.

Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya utafiti wa ACT, uliosambaza sindano hiyo hadi ngazi ya chini ya huduma za afya katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo. Mhudumu asiye na ultrasaundi alipima tumbo kwa utepe wa rangi ili kukadiria umri wa mimba. Waliozaliwa wadogo hawakunufaika, na vifo vya wachanga kwa jumla viliongezeka. Hilo linaniuma hadi leo. Mwaka 2020 utafiti wa ACTION, katika hospitali 29 za nchi tano, Kenya ikiwamo, ulithibitisha umri wa mimba kwa ultrasaundi. Vifo vya wachanga ambao mama zao walichomwa sindano vikawa asilimia 19.6, dhidi ya 23.5 kwa wale ambao mama zao walipewa dawa bandia.

Wapo wanaosema basi tuachane na mapitio, tuwaulize wakunga. Wana hoja: mkunga anajua wodi yake inakosa nini. Ila hawezi kujua kama swali lake limeshajibiwa kwingine, na hapo mapitio hayana mbadala.

Ninachotaka kwa wafadhili ni kwamba kila jedwali la mapitio lionyeshe mahali na ngazi ya kituo, na wakunga wawepo siku maswali yanapopangwa, si siku ripoti inapozinduliwa.