Ndara Hazivuliwi Kliniki

Mama yangu mdogo yuko Pemba, analima mwani. Maji yakipwa huingia na kamba zake, na miaka yote hakuwa na haja ya kutazama anapokanyaga, nyayo zilijua. Juzi karudi nyumbani, damu imetapakaa ukumbini. Mjukuu kamuuliza, "Bibi, umekatwa na nini?" Hakuwa na habari kama amekatwa.

Usiku miguu hiyo hiyo inamuwaka moto, hata kanga ikimgusa vidoleni anaitupa. Majirani wakasema baridi yabisi, wengine kachezewa. Mafuta ya karafuu tumempaka mpaka nyumba nzima ikanukia, wapi!

Kumbe ni mishipa ya fahamu. Mama mdogo anaishi na VVU (kaniruhusu kuandika), dawa hakosi, na virusi katika damu yake havionekani tena kwenye kipimo. Lakini virusi vyenyewe huumiza mishipa hiyo, hasa mtu akikaa muda mrefu kabla ya kuanza dawa, na huanzia vidole vya miguu kwa kuwa mishipa ya huko ndiyo mirefu zaidi. Tena yeye alianzia stavudini, dawa ya zamani ya VVU ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe kidogo kidogo kwa madhara kama haya. Siilaumu, ilimuokoa. Dawa iliondoka, ganzi ikabaki.

Ninalolaumu ni kliniki. Uzito anapimwa, kikohozi anaulizwa, dawa anapewa, kwaheri. Hakuna aliyemwambia avue ndara. Kipande cha pamba kupitishwa unyayoni, uma wa chuma unaotetemeka kuwekwa juu ya kidole gumba, nyundo ya mpira nyuma ya kisigino, kuona kama mishipa inafanya kazi: dakika tano haziishi. Halafu aulizwe kama ana kisukari, maana nacho huleta ganzi. Aulizwe na hili, ambalo ndilo linaloniudhi zaidi kwa kuwa lazuilika: alipopewa isoniazidi ya kukinga kifua kikuu, alipewa na vitamini B6? Isoniazidi huipunguza mwilini, na ikipungua ndiyo ganzi hii hii.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mwenyewe. "Hawakuniuliza, mwanangu. Na mimi niwanyanyulie watu miguu?"

Sasa anameza amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa, usiku, moto umepungua kiasi, ganzi iko pale pale. Baharini haendi bila yeboyebo. Akirudi hukaa barazani, mjukuu anamkagua nyayo kwa tochi ya simu.